Laiki chini ya taarifa ya msiba: kisa cha tovuti moja ya Kigoma

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wanaojenga na kuendesha tovuti ndogo za Kiswahili. Nilishiriki kama mshauri, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu. Jina la tovuti, majina ya wahusika na ya marehemu, na mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Familia zinazotajwa ziliridhia kiandikwe kwa sharti hilo.

Usuli

Tovuti inaendeshwa na kikundi cha watu watano mjini Kigoma. Wasomaji wake ni watu wa Kigoma Ujiji, pamoja na wale waliozaliwa huku wakatawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, ambao kila asubuhi wanataka kujua mwisho wa reli kumeamka vipi. Wengi wanasoma kwa simu, kwa bando la kupimapima, na karibu wote hawajajiandikisha. Wanaingia, wanasoma, wanaondoka.

Imejengwa kwa Drupal, mfumo unaomwezesha mwenye tovuti kuitengenezea kila aina ya maudhui fomu yake. Aina zao ni saba: habari, makala (nyingi zikihusu michikichi na mawese), picha, bei za sokoni, tahadhari za ziwani, matangazo ya kazi, na taarifa za misiba. Fomu ya bei inauliza mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, na kipimo, kilo au beseni. Fomu ya msiba inauliza marehemu ni nani, msiba uko wapi, maziko ni lini. Aina hii ya msiba iliongezwa mwaka mmoja baada ya tovuti kufunguliwa, kwa maombi ya wasomaji walioko mbali.

Kitufe cha laiki kiliwekwa na fundi wa kwanza, ambaye alikwishahama. Alitumia moduli, yaani programu ndogo ya kuongezea Drupal uwezo, iitwayo Flag. Unapounda kitufe katika Flag, unapewa orodha ya aina zote za maudhui zenye visanduku, uweke alama kwenye zile unazotaka kitufe kionekane. Yeye hakuweka alama popote. Mtu anaweza kudhani kwamba ukiacha visanduku vitupu kitufe hakitaonekana kokote. Ni kinyume chake: ukiacha vitupu, moduli inachukulia kwamba umeruhusu aina zote, za leo na zitakazoongezwa kesho. Siku aina ya msiba ilipoundwa, neno "Nimependa" likaingia chini yake lenyewe. Hakuna aliyeamua liwepo.

Nililazimika kuwaeleza wanakikundi jambo hili mara mbili, maana kwa wiki nzima walikuwa wakilaumiana.

Kilichotokea

Kisa kilianza katikati ya mwaka 2024, ziwa likiwa limefungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na mji mzima ulikuwa ukizungumzia dagaa na migebuka iliyoadimika. Katika siku hizo akafariki mtu aliyejulikana sana mjini. Taarifa yake ikasomwa na watu wengi kuliko habari yoyote ya mwezi ule.

Siku ya tatu baada ya maziko, kaka wa marehemu alifika ofisini. Mhariri, dada wa miaka thelathini na kitu, akamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Mzee akampa simu. "Nisomee. Hapa chini pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa "Nimependa", na mbele yake idadi ya watu mia na zaidi.

"Mdogo wangu kafa. Hawa wamependa nini?"

Mhariri akajitahidi kueleza kwamba watu wanabonyeza pale kuonyesha kwamba wamesikitika. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kama wamesikitika, si waseme pole? Neno lenyewe limekwisha?"

Hakupandisha sauti. Mhariri aliniambia baadaye kwamba angepandisha, ingekuwa afadhali.

Lalamiko la pili lilikuja wiki hiyo hiyo, na laiti lisingefuatana na la kwanza lisingeonekana. Habari ya kufungwa kwa ziwa nayo ilikuwa na laiki nyingi. Katika mkutano wa mtaa mtu mmoja akaitoa simu na kusema wananchi wenyewe wamependa uamuzi, ushahidi huu hapa. Wachuuzi wa dagaa waliokuwepo walikasirika, kwa sababu baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliobonyeza. Walibonyeza kumshukuru aliyewaletea habari mapema, wapate kujipanga.

Maamuzi na sababu zake

Mzee alipoondoka, mhariri alimpigia simu fundi wa sasa, kijana anayefanya kazi hiyo kwa saa za jioni. Fundi akajibu, "Dada, hiyo ni dakika moja. Naingia kwenye mipangilio, nafuta 'Nimependa', naandika 'Pole'."

Kweli ilikuwa dakika moja. Maneno ya kitufe katika Flag ni sehemu ya kuandika tu, na hesabu iliyo nyuma yake haibadiliki. Lakini kitufe kilikuwa kimoja kwa tovuti nzima, kwa hiyo picha za machweo na matangazo ya kazi vyote vingegeuka pole. Hata kama kingekuwa cha msiba peke yake, mhariri alikataa. Alisema, "Mdogo wangu, hao watu hawakusema pole. Walisema wamependa. Huwezi kumsemesha mtu neno ambalo hakulitamka, hata kama unajua ndilo alilokuwa nalo moyoni."

Nilimuunga mkono, na hata sasa namuunga mkono, ingawa uamuzi huo ulituletea shida nitakayoieleza.

Walichofanya jioni ile ni kuweka alama kwenye visanduku sita na kuacha cha msiba kitupu. Kitufe kikatoweka kwenye taarifa zote za misiba, za karibuni na za zamani. Laiki zilizokuwepo zikabaki kwenye kanzidata bila kuonekana.

Jumamosi iliyofuata tulikaa kuamua kila aina ipate neno gani. Fundi alipendekeza safu ya nyuso sita chini ya kila kitu, kama zilivyo Facebook. Facebook ilianza na kitufe kimoja cha laiki Februari 2009, na hadi Februari 2016 ndipo ilipoongeza nyuso za hisia, ukiwemo wa huzuni. Fundi aliona tusirudie safari ndefu kiasi hicho wakati jibu lipo. Mhariri akamuuliza uso unaocheka utafanya nini kwenye msiba wa mtu. Ukishauweka, kuna siku utabonyezwa, kwa kuteleza kidole au kwa ubaya, na familia itauona.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba Kiswahili kilikuwa kimetufanyia nusu ya kazi. Mtu wetu akimkuta mwenzake katika hali yoyote ana neno la hali hiyo. Aliyefiwa anaambiwa pole, aliyefaulu hongera, aliyekuletea habari asante. Hatukuwa na haja ya kubuni alama wala kutafsiri kitufe cha wengine. Kila aina ya maudhui tuliiuliza swali moja: ungemkuta mwenye jambo hili njiani, ungemwambiaje?

Kwa msiba tulichagua "Poleni", kwa wingi, kwa sababu anayeambiwa ni familia. Kulikuwa na pendekezo la "Apumzike kwa amani", na jingine la "Inna lillahi". Lakini taarifa moja inasomwa na Mwislamu wa Ujiji na Mkatoliki wa Kasulu, na pole ni ya wote wawili. Fundi akauliza: mtu akibonyeza tena kuiondoa, kiandikwe nini? "Ondoa pole"? Kimya kikatanda. Pole haiondolewi. Kwa bahati nzuri Flag inatenganisha ruhusa ya kubonyeza na ruhusa ya kubatilisha, na ina mahali pa kuandika maneno yatakayoonekana pale ambapo kubatilisha hakuruhusiwi. Tukaondoa ruhusa ya pili kwa wasomaji wote, tukaandika "Umetoa pole". Tulijua wapo watakaobonyeza kwa kuteleza, tukakubali.

Tukaamua pia kitufe cha msiba kionekane ndani ya taarifa yenyewe tu. Drupal inakuruhusu kupanga mwonekano wa ukurasa kamili mbali na mwonekano wa dondoo zinazopangwa kwenye ukurasa wa mbele. Kwenye dondoo tukakificha. Tulitaka mtu afungue, asome nani amefariki na msiba uko wapi, ndipo atoe pole.

Familia moja iliyoshirikishwa iliomba majina ya waliotoa pole yaonekane, kama katika daftari la rambirambi. Ombi lilikuwa na haki yake. Lakini msomaji asiyejiandikisha hana jina kwetu, na kumlazimisha aandike jina na namba ya simu ili atoe pole ni kukusanya taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya awe na sababu halali na azilinde. Kikundi hakikuwa na uwezo wa kuzilinda. Tukabaki na idadi peke yake, na chini yake maelezo ya jinsi ya kuifikia familia kwa rambirambi, pale familia inapotaka.

Habari zikapewa "Asante kwa taarifa". Lengo lilikuwa kwamba yeyote akiinua simu mkutanoni, idadi isomeke kama shukrani kwa mleta habari na isidhaniwe kuwa kura juu ya habari yenyewe. Makala vilevile. Picha zikabaki na "Nimependa", mahali ambapo neno hilo ni kweli tupu.

Tahadhari za ziwani hatukuziwekea kitufe chochote. Mhariri alitaka "Nimeiona", ajue kama wavuvi wameipata. Nikampinga. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ikiwa na idadi ndogo, kijana wa mtumbwi atadhani si jambo zito, na ikiwa na idadi kubwa haimwongezei usalama wowote. Tukaweka kiungo cha kuisambaza kwa WhatsApp, basi.

Bei zikapata "Imenisaidia" na "Haijanisaidia". Matangazo ya kazi yakapata "Niwekee", kitufe cha binafsi kisicho na hesabu, kinachomtunzia kijana orodha ya kazi alizochagua. Hivi viwili ndivyo tulivyovipangia kwa haraka, saa ya chakula ikiwa imepita.

Matokeo

"Poleni" ilianza kutumika siku ile ile. Mzee aliyelalamika alipigiwa simu, akafunguliwa ukurasa na mjukuu wake, akasema sawa. Hakusema zaidi, na mhariri hakumuuliza zaidi.

Mkutanoni hakuna tena aliyetumia idadi ya habari kama kura, angalau kwa kipindi nilichokuwa karibu nao. Vitufe vya bei na kazi vilibadilishwa ndani ya miezi miwili. Na usiku mmoja tovuti nzima ilianguka kwa sababu ya pole.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Nianze na kuanguka, kwa sababu hakuna aliyekutarajia na chanzo chake hakionekani kwa macho. Drupal hutunza nakala za kurasa zilizokwisha tayarishwa, na msomaji asiyejiandikisha hupewa nakala hiyo moja kwa moja. Ndiyo maana seva ndogo ya bei nafuu iliweza kuhudumia watu wengi. Ila Flag ili imkumbuke asiyejiandikisha inamfungulia sesheni, yaani kumbukumbu yake ya muda kwenye seva, na mwenye sesheni hapewi tena nakala iliyo tayari. Kila ukurasa anaofungua baada ya hapo unapikwa upya kwa ajili yake. Laiki za zamani zilibonyezwa na wachache kwa wakati mmoja, hatukuona tofauti. Alipofariki mwalimu aliyefundisha nusu ya mji, mamia walitoa pole ndani ya saa chache, kisha wakaendelea kusoma, na seva ikalemewa. Watu wakakosa kujua maziko ni saa ngapi. Hilo liliniuma kuliko yote, maana kazi ya kwanza ya taarifa ya msiba ni kumfikisha mtu makaburini kwa wakati.

Fundi alitoa "Poleni" kwenye Flag, akaandika moduli ndogo ya peke yake. Simu ya msomaji yenyewe ndiyo inayokumbuka kwamba imekwishatoa pole, na seva inaongeza moja kwenye hesabu bila kufungua sesheni. Mtu akifuta kumbukumbu za kivinjari anaweza kutoa pole tena. Kuna aliyeshauri tuzuie kwa anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa huonekana nayo kwenye intaneti, pole moja kwa anwani moja. Hilo lisingefaa hata kidogo: simu nyingi za mtandao mmoja huonekana kwenye intaneti kwa anwani ile ile, kwa hiyo mtu mmoja angefunga mlango kwa wasomaji wengine wote walio nyuma ya anwani hiyo. Pole iliyorudiwa haina madhara makubwa kuliko pole iliyozuiwa.

Kukataa kugeuza laiki za zamani kuwa pole ni uamuzi ninaoutetea, lakini tuliutekeleza vibaya. Taarifa zote za zamani zilianza na sifuri. Wiki mbili baadaye mjane mmoja alimpigia mhariri akilia. Kwenye taarifa ya mumewe kulikuwa na idadi aliyokuwa akiitazama usiku, na kwake idadi ile ilikuwa ni watu waliomzika mumewe. "Wale wote wamekwenda wapi?" Yeye hakuwahi kusoma neno "Nimependa". Alisoma namba.

Sisi tulichukulia lalamiko la mzee kuwa ni la wafiwa wote. Tulipaswa kuzipigia simu familia kwanza, hazikuwa nyingi, tueleze kinachobadilika na kuuliza kila moja inataka nini. Baadaye ndivyo ilivyofanyika. Waliotaka idadi ya zamani irudi walirudishiwa kwa sentensi iliyo kweli: "Watu kadhaa waliigusa taarifa hii kabla ya kitufe cha pole kuwekwa", na mahali pa neno "kadhaa" ikakaa idadi yenyewe. Iliwezekana kwa sababu fundi alikuwa ameficha bila kufuta. Angefuta jioni ile, kama nilivyokuwa karibu kumshauri, tusingekuwa na cha kumrudishia yule mama.

Kitufe cha bei kilishindwa kwa sababu nyingine kabisa. "Haijanisaidia" ilibonyezwa sana wakati ziwa limefungwa, na mhariri akadhani bei zake si sahihi. Akashuka mwalo wa Kibirizi kuuliza. Bei zilikuwa sahihi. Wanunuzi walibonyeza kwa sababu dagaa wamepanda, na baadhi ya wauzaji kwa sababu bei ya jana ilikuwa bado ukurasani saa nne asubuhi. Neno moja lilibeba uchungu wa bei na kosa la taarifa, na kwa idadi peke yake huwezi kuvitenganisha. Kitufe kikaondolewa, kikawekwa "Bei imebadilika", ambacho hakionyeshi hesabu kwa msomaji. Kinampelekea mhariri ujumbe. YouTube walifika mahali panapofanana na hapo Novemba 2021 walipoacha kuwaonyesha watazamaji idadi ya waliochukizwa, huku mwenye video akiendelea kuiona. Kwetu kilifaa: mchuuzi anakibonyeza saa moja asubuhi, mhariri anapiga simu mwaloni, bei inarekebishwa kabla wa mjini hawajatoka.

"Niwekee" ya kazi ilikuwa wazo jema lililojengwa juu ya mchanga. Orodha ya msomaji asiyejiandikisha inashikiliwa na sesheni, na kwa mpangilio wa kawaida wa Drupal sesheni isiyotumika inaweza kufutwa baada ya sekunde 200,000, yaani siku mbili na saa chache. Kijana anaweka kazi Ijumaa, akirudi Jumanne orodha ni tupu. Mmoja alikosa tarehe ya mwisho ya maombi kwa kuitegemea orodha hiyo. Kitufe kinachosema "niwekee" kimetoa ahadi, na ahadi hiyo hatukuwa na pa kuitunzia. Sasa pale pana kiungo cha kujitumia tangazo kwenye WhatsApp yako mwenyewe, linakaa kwenye simu yako.

Kuhusu tahadhari za ziwani sina la kueleza. Hazina kitufe, na hakuna aliyekiulizia.

Mabadiliko ya mwisho ni ya utaratibu. Kitufe chochote sasa lazima kiwe na visanduku vilivyowekwa alama waziwazi, hata kama ni vyote. Na aina mpya ya maudhui haifunguliwi mpaka mhariri aandike kwenye daftari la ofisi neno la kitufe chake, au aandike "hakuna" pamoja na sababu.

Aina ya nane imekwishaombwa: matangazo ya harusi. Neno limekubaliwa na wote bila ubishi, "Hongereni". Kilichozuia ukurasa usifunguliwe ni hesabu. Harusi mbili zikiangukia Jumamosi moja, idadi zake zitawekwa bega kwa bega na ndugu watazilinganisha, na mhariri anataka kwanza kuzungumza na akina mama wawili watatu wanaosimamia sherehe hapa mjini kabla hajaandika chochote kwenye daftari.